KAMBA ILIVUTWA, MKANDA HAUKUSIMAMA
Somo juu ya majina yaliyofungiwa ndani ya faili za otomate



Mmezoea kuona katika ukurasa huu habari za malaria, maji ya kunywa, kofia na viatu vya kazi. Leo somo letu litaonekana kama la buro ya mainjenyeri. Lakini lilianza juu ya kitanda cha wagonjwa, na ndiyo sababu ni mimi, msaidizi wa mganga, ninayeliandika.

Mbele ya kuja hapa nilifanya kazi mahali pengine. Siku moja, katika posti ya usiku, walituletea mtumishi aliyekamatwa mkono na mkanda wa mawe. Alikuwa anaondoa matope karibu na silinda, na mkono wa koti lake ukaingia. Mwenzake alifanya kama tulivyofundishwa wote: alikimbia, akavuta kamba ya usalama. Mkanda haukusimama. Akavuta mara ya pili. Mkanda ukaendelea. Mtu mwingine akapiga mbio mpaka kabati ya umeme, akazima kila kitu. Mkono haukupona, mganga aliukata chini ya kiwiko.

Kesho yake kila mmoja aliuliza: nani alijua kwamba kamba ile imekufa? Hakuna aliyejua. Kamba ilikuwa mahali pake, nyekundu, imefungwa vizuri. Karatasi ya ukutani iliitaja. Lakini otomate, ile mashini inayoamuru mkanda, haikuwa ikiisikiliza tena.

Somo la leo ni hili: namna ya kutoa kutoka faili za otomate orodha ya vitu inavyojua, ili tuilinganishe na vitu tunavyoviona kwa macho. Si somo la mafundi wa umeme peke yao. Mtu anayeweka maisha yake chini ya kamba anafaa kujua kamba ile inafika wapi.

1. OTOMATE NI NINI?

Zamani mashini ziliamriwa na makabati yaliyojaa rele na nyaya. Kubadili amri moja kulitaka kubadili nyaya nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Marekani, ilitengenezwa otomate ya kwanza, Modicon 084, kwa kazi ya viwanda vya magari vya General Motors. Tangu hapo amri hazikai tena katika nyaya tu. Zinakaa katika programu.

Otomate ina milango ya kuingilia na milango ya kutokea. Kamba ya usalama, kapteri ya moto na kapteri ya gesi zinaleta habari kwa milango ya kuingilia. Mota, taa na king'ora vinapokea amri kwa milango ya kutokea. Kila mlango una anwani. Kwa mfano I 12.5 maana yake ni: mlango wa kuingilia, safu ya 12, shimo la 5. Katika kila safu kuna mashimo 8, yanahesabiwa kutoka 0 mpaka 7.

Mtu hawezi kukumbuka anwani elfu moja. Basi aliyeandika programu anaipa kila anwani jina na maelezo mafupi. Orodha ya majina hayo tunaiita jedwali la majina. Ni kama daftari ya kapita: namba ya mtumishi upande mmoja, jina lake upande wa pili.

2. MAJINA YANAKAA WAPI?

Tuchukue otomate ambayo wengi wenu mmeiona katika makabati ya viwanda: SIMATIC S7-300 ya kampani ya Siemens ya Ujerumani. Programu yake inaandikwa kwa chombo kinachoitwa STEP 7. Katika STEP 7 ya zamani, ile ya toleo la 5, kazi yote inawekwa katika dosie moja kubwa ndani ya ordinateri. Ndani ya dosie hiyo kuna dosie ndogo iitwayo YDBs, na humo kuna faili zenye jina SYMLIST.DBF. Ndipo majina yanapokaa. Jina moja linaweza kuwa na herufi 24, na maelezo yake herufi 80.

Mara nyingi chombo cha STEP 7 hakipo tena. Kampani iliyojenga kiwanda imekwenda zake, ruhusa ya chombo imepotea, ordinateri ya zamani imekufa. Kilichobaki ni nakala ya dosie katika diski. Watu wengi husema: basi, haisomeki. Si kweli. Herufi hizo tatu za mwisho, DBF, zinatuambia kwamba faili ilijengwa kwa namna ya dBase. Namna hiyo ni ya zamani na inajulikana wazi. dBase III ilitoka mwaka 1984. Kijana anayejua kuandika programu ndogo anaweza kuisoma pasipo chombo cha Siemens.

Angalieni: TIA Portal, chombo kipya cha kampani hiyo kilichokuja mwaka 2010, hakiweki kazi yake kwa namna hiyo. Somo hili ni la dosie za zamani. Lakini mashini nyingi bado zinatembea kwa programu za zamani.

3. FAILI IMEJENGWA NAMNA GANI?

Fikirini nyumba za kambi. Mwanzoni kuna buro ya kambi, kisha nyumba zinafuatana, zote za kipimo kimoja. Faili ya DBF ni vile vile. Tutapima kwa okteti. Okteti moja ni nafasi ya herufi moja. Tunahesabu kuanzia 0.

Buro ya kambi ina okteti 32 za kwanza:
– Okteti ya 0 inasema aina ya faili. Namba 3 ni dBase III ya kawaida.
– Okteti za 4 mpaka 7 zinasema kuna nyumba ngapi, yaani mistari mingapi.
– Okteti za 8 na 9 zinasema nyumba ya kwanza inaanzia wapi.
– Okteti za 10 na 11 zinasema urefu wa nyumba moja.

Namba hizi zinaandikwa kuanzia sehemu ndogo. Ukikuta 44 halafu 1, usisome 441. Ni 44 ukiongeza mara moja 256, yaani 300. Wengi wanaanguka hapa.

Kisha kinafuata kibao kwa kila chumba cha nyumba, kila kibao okteti 32. Okteti 11 za kwanza za kibao ni jina la chumba, inayofuata ni herufi ya aina yake, na okteti ya 16 ni upana wake. Vibao vinamalizwa na okteti yenye namba 13. Baada yake nyumba zinaanza.

4. HESABU YA MFANO

Namba hizi ni za mfano wetu, za kujifunzia. Tuseme kila mstari una vyumba 4: jina (24), anwani (12), aina (10), maelezo (80). Jumla ni 126. Mbele ya kila mstari kuna okteti moja ya alama, tutaiona chini. Basi mstari mmoja ni 127.

Mwanzo wa faili: 32, na vibao 4 mara 32 ni 128, na okteti ya kumalizia 1. Jumla 161. Mstari wa kwanza unaanzia 161. Mstari wa tatu unaanzia 161 na 127 na 127, yaani 415. Ikiwa kuna mistari 40, mistari yote ni 5080. Ukiongeza 161 unapata 5241, na mara nyingi okteti moja ya mwisho yenye namba 26. Urefu wa faili ni 5242.

Fanyeni hesabu hii kila mara mbele ya kuamini programu yenu. Ikiwa urefu wa faili haulingani, simameni. Labda nakala ilikatika njiani. Orodha iliyokatika ni mbaya kuliko kukosa orodha, maana mtu anaamini kwamba ameona yote.

Programu yenyewe ni fupi. Inafungua nakala kwa kusoma tu. Inasoma namba nne za mwanzo. Inasoma vibao. Kisha inaruka mstari kwa mstari, inakata vyumba kwa upana wake, inaondoa nafasi tupu za mwisho, inaandika yote katika jedwali ambalo mtu anaweza kulichapa kwa karatasi.

5. NYOTA INAYOSEMA "NIMEFUTWA"

Sasa mfike mahali ambapo maisha ya watu yanakaa. Okteti ya kwanza ya kila mstari ni alama. Ikiwa ni nafasi tupu, mstari ni mzima. Ikiwa ni nyota (*), mstari umefutwa.

Lakini katika dBase kufuta si kuondoa. Mstari unabaki ndani ya faili, na maneno yake yote, mpaka mtu aibane faili. Tena hesabu ya mistari iliyo mwanzoni inahesabu wazima na waliofutwa pamoja. Ni kama mtumishi aliyeacha kazi, lakini jina lake bado limo katika daftari, na msalaba mdogo pembeni.

Oneni mistari mitatu ya mfano:

(tupu) CORDE_T3 – I 12.4 – BOOL – Arrêt d'urgence à câble T3
( * ) CORDE_T4 – I 12.5 – BOOL – Arrêt d'urgence à câble T4
(tupu) CORDE_T5 – I 12.6 – BOOL – Arrêt d'urgence à câble T5

Programu iliyoandikwa kwa haraka itasahau alama. Itachapa mistari yote mitatu sawasawa. Karatasi itapelekwa kwa mkubwa wa usalama, naye ataona kamba ya mkanda wa nne ipo, ataweka sahihi. Programu nyingine itaruka mstari wenye nyota pasipo kusema neno, na hakuna atakayejua kwamba kamba ya nne iliwahi kuwa katika orodha.

Njia njema ni ya tatu: chapeni mistari mizima katika orodha moja, na mistari yenye nyota katika orodha nyingine. Kwa kila nyota mtu aulize: ilifutwa kwa sababu gani? Kitu chake bado kipo kiwandani?

Pale nilipokuwa, fundi kijana wa umeme alisoma faili kwa namna hii, siku chache baada ya ajali. Mstari wa kamba ile ulikuwa na nyota.

6. HERUFI ZINAZOBADILIKA SURA

Sisi huku tunaandika maelezo ya mashini kwa Kifaransa, na Kifaransa kina herufi zenye kofia na alama. Ndani ya ordinateri kila herufi ni namba, lakini meza za namba si moja. Meza ya Windows na meza ya zamani ya DOS hazikubaliani. Ukisoma maneno ya Windows kwa meza 850 ya DOS, "Arrêt d'urgence à câble" itatoka hivi: "ArrÛt d'urgence Ó cÔble".

Mtu akiona atacheka. Lakini ukiamuru ordinateri itafute neno "Arrêt", itajibu: hakuna. Nawe utaandika katika ripoti kwamba mashini haina kamba hata moja. Basi, mbele ya kutafuta, someni mistari kumi kwa macho.

Jambo la pili: Wajerumani wanaandika E pale wengine wanapoandika I, na A pale wengine wanapoandika Q. E 12.5 na I 12.5 ni mlango mmoja. Mradi mmoja unaweza kuwa na namna moja, na karatasi ya ukutani namna nyingine. Tafuteni zote mbili.

7. JINA SI KAZI

Msidanganyike. Jedwali la majina linasema tu kitu kinaitwaje. Halisemi otomate inakifanyia nini. Jina linaweza kufutwa, na programu ikaendelea kusikiliza I 12.5 kwa anwani tupu. Tena jina linaweza kubaki zima, na programu isiliguse popote.

Kwa hiyo kuna hatua ya pili: fundi atafute anwani ndani ya programu yenyewe. Hiyo inakaa katika faili nyingine za dosie ile ile, kama SUBBLK.DBF, nayo ni ngumu zaidi kusoma. Ikiwa anwani ya kamba haionekani popote, kamba ile ni pambo.

Na kuna hatua ya tatu. Dosie iliyo katika ordinateri ni karatasi. Otomate iliyo katika kabati ni mtu mzima anayetembea. Mtu anaweza kubadili programu ndani ya kabati na kusahau kuandika katika dosie. Vivyo hivyo kwa gesi: maelezo yanaweza kusema king'ora cha gesi ya salfa kimewekwa kulia mapema, lakini kipimo chenyewe kimeandikwa mahali pengine, na kinaweza kuwa kimepandishwa na mtu aliyechoka kusikia king'ora. Ninyi mtakijua kwa macho kuwaka na kikohozi, nami nitakijua kwa mlolongo wa wagonjwa mlangoni.

Hakikisho la mwisho ni moja tu: kuvuta kamba, mkanda ukiwa mtupu, kwa ruhusa, mbele ya kapita na fundi, na kuona kama unasimama. Faili inatuambia tuulize nini. Jibu linatolewa na mkanda.

8. SHERIA TANO ZA KAZI HII

Moja: ruhusa ya maandishi ya shefu wa matengenezo kwanza. Dosie ni mali ya kampani.

Mbili: fanya kazi juu ya nakala tu. Asili ifungiwe. Usiandike hata herufi moja ndani ya faili. Kazi yetu ni kusoma.

Tatu: ordinateri ya kusomea isiunganishwe na otomate inayofanya kazi.

Nne: usichomeke ufunguo wa USB usioujua. Mwaka 2010 iligunduliwa programu mbaya iitwayo Stuxnet. Ilipita kwa funguo za USB, ilijificha hata ndani ya dosie za STEP 7, na iliharibu mashini za kiwanda cha Natanz huko Irani, huku wasimamizi wakionyeshwa kwamba kila kitu ni sawa. Ilitafuta dosie za aina hii hii tunayoisema.

Tano: orodha isibaki katika ordinateri. Ichapwe, ipelekwe chini ya mkanda, na watu wawili watembee nayo, mmoja anasoma, mmoja anagusa kila kisanduku cha kamba kwa kidole, mashini ikiwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli. Kilichopo kiwandani na hakipo katika orodha kiandikwe kwa kalamu nyekundu. Kilichopo katika orodha na hakipo kiwandani, vile vile.

9. IKIWA MWENZAKO AMEKAMATWA

Vuta kamba. Ukiona mkanda hausimami, usipoteze muda kuvuta tena na tena. Kimbia ukazime umeme wa mashini, au mtume aliye karibu zaidi. Kila mtu wa timu ajue mbele ya kuanza posti mahali pa kuzimia umeme. Usirudishe mkanda nyuma ili kumtoa. Unaweza kumvunja zaidi. Bana kidonda kinachotoka damu kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usiachie. Kidole au mkono ukikatika, ufunge katika kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, utie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uweke juu ya barafu. Usiweke nyama moja kwa moja katika barafu. Ulete pamoja na mgonjwa.

10. MAULIZO YA KUJIPIMA

a) Faili ina vyumba 5. Nyumba ya kwanza inaanzia wapi? (Jibu: 32 na 160 na 1, yaani 193.)
b) Okteti za 10 na 11 zina 200 na 0. Mstari mmoja una urefu gani? (Jibu: 200.)
c) Hesabu ya mwanzo inasema mistari 40, nawe umepata mistari mizima 37. Programu yako imekosea? (Jibu: si lazima. Tafuta nyota 3.)
d) Jina la kamba ni zima katika jedwali. Kamba inafanya kazi? (Jibu: hatujui mpaka ivutwe.)

Vijana mnaosoma informatiki shuleni, programu hii mnaweza kuiandika kwa siku chache, juu ya faili ya DBF mliyoijenga wenyewe kwa mazoezi. Ni somo zuri la hesabu, na siku moja linaweza kumrudishia mtu mkono wake mzima nyumbani.

Na ninyi mama: jioni, baba akiisha kuoga na kula, muulizeni swali moja tu. Kamba ya mkanda wako ilijaribiwa siku gani? Akijua siku, mshukuruni. Asipojua, kesho mbele ya posti amuulize kapita wake. Na kapita asipojua, aje kwetu au aende kwa mkubwa wa usalama, tutafute pamoja. Mtumishi yule niliyewaambia hakukosa kuvutiwa kamba. Alikosa mtu wa kuuliza swali hili mbele ya usiku ule.